Miaka Saba ya Pavarotti

Husemwa kwamba mwimbaji huzaliwa, hafunzwi. Wasemao hivyo hupenda kumtaja Luciano Pavarotti, Mwitaliano aliyefariki mwaka wa 2007, ambaye tenori yake, ile sauti ya juu ya kiume, ilivuma duniani kote. Laiti wangeyachunguza maisha yake!

Alizaliwa Modena mwaka wa 1935. Babake, Fernando, alikuwa mwoka mikate mwenye sauti nzuri mno, ila hofu ya jukwaa ilimzuia kuifanya kuwa kazi. Kipaji, basi, kilikuwamo nyumbani tayari, na hakikumfikisha mzee popote.

Mwana alianza masomo mwaka wa 1954 kwa Arrigo Pola, aliyemfunza bila malipo kwa kuwa familia haikuwa na kitu. (Leo ni nani angemfunza bure mtoto wa mwoka mikate?) Pola alipohamia Japani, kijana akaenda kwa Ettore Campogalliani, mjini Mantova. Riziki aliitafuta kwa kufundisha shule ya msingi, kisha kwa kuuza bima. Kinundu kikamwota kwenye nyuzi za sauti, akaazimia kuacha. Kilipotoweka, akarejea. Ni mwaka wa 1961 alipoimba opera yake ya kwanza, La bohème, mjini Reggio Emilia.

Hata hapo hakuwa amehitimu. Mwaka wa 1965, ziarani Australia, alijifunza kwa Joan Sutherland namna ya kuiegemeza sauti kwenye kiwambo cha pumzi, akimgusa mbavuni ili aihisi pumzi yenyewe. Miaka saba baadaye, mjini New York, alizitoa noti tisa za juu katika wimbo mmoja. Watu wakasema: kipaji!