Sonona Haitibiwi kwa Kikapu cha Chai

Wiki hii nimeulizwa tena. Safari hii ni baba aliyefika kliniki mapema kutoka upande wa Mogogosiek, akiwa na mwanawe wa miaka 23. "Daktari, huyu akiamka asubuhi akachume majani na wenzake, hayo mawazo si yataisha?" Kijana aliketi kando yake akiangalia sakafu. Hakubisha. Maneno hayo ameyasikia kila kulipokucha kwa miezi mitano.

Hapana, mzee, hayataisha. Nimelijibu swali hili kliniki, kanisani, matangani, hata kwenye steji ya matatu pale Litein, na leo nalijibu kwa maandishi.

Najua linakotoka. Huku tumelelewa na chai, na chai haimngojei mtu. Majani yakikomaa kupita kiasi kituo cha kununulia chai kinayakataa, kwa hiyo zamu ya kuchuma ikifika nyumba nzima hushuka shambani, hata aliyerudi na digrii yake kutoka Chuo Kikuu cha Kabianga. Katika boma kama hilo, kijana anayelala hadi saa nne ana jina moja tu: mvivu.

Sasa nisikilizeni. Kama kuchuma chai kungetibu sonona, nisingekuwa na mchumaji hata mmoja kwenye foleni yangu. Ninao. Kuna mama asiyekosa mizani siku yoyote, kisha analia katikati ya michai mahali wenzake hawamwoni. Kuna vijana wa mashamba makubwa wanaoinama kutwa, na usiku wanayakodolea macho mabati mpaka jogoo awike. Hawajakosa shughuli. Wanaumwa.

Tena mnayaona matokeo mnayaita chanzo. Nilimwuliza yule baba: alianza kwa kuacha nini? Akafikiri. Kwanza aliacha kwenda kucheza mpira. Halafu akawa hapokei simu za rafiki zake. Halafu ugali ukawa unarudi jikoni nusu sahani. Shamba lilikuja mwisho kabisa. Uvivu gani huo unaoanzia kwenye mpira? Sonona hula hamu ya kile mtu alichokipenda, ikala usingizi, ikala nguvu. Ule uwezo wa kujisukuma mnaomtaka autumie ndio hasa ulioliwa.

Mvua ya mawe mnaijua vizuri. Ikishayachana majani, hakuna mkulima anayeingia kesho yake na kikapu akaanza kuikemea michai kwa kukosa chipukizi. Anajua imejeruhiwa, anaipa wiki zake. Huruma hiyo mnayoipa michai, mbona mwana wenu hapewi?

Na kumlazimisha kunamwumiza zaidi. Anachuma kilo 4, dadake mdogo 20, na mizani inasomwa kwa sauti mbele ya majirani. Ugonjwa ulikuwa umemwambia usiku kucha kwamba hana faida kwa mtu. Sasa amepewa risiti.

Sehemu ya kosa imo kwenye jina. Tunasema "ana mawazo", au "msongo wa mawazo", na masikio yanasikia kwamba mawazo yamezidi, basi yafukuzwe kwa shughuli. Wengi wanaokuja kwangu hata hawayalalamikii mawazo. Wanalalamikia kichwa, mgongo, tumbo kuwaka. Wameshapimwa taifodi mara tatu na kutibiwa mara tatu. Wavulana hasa huja na hasira na chang'aa, maana machozi walikatazwa tangu jandoni.

Ukweli mdogo uliomo katika imani hii nitautoa mwenyewe. Kazi inaweza kuwa sehemu ya tiba, lakini tiba ina kipimo. Tunaanza na kitu kidogo ambacho hakiwezi kumshinda: kuoga, kutembea hadi mtoni na kurudi, kumkamulia kogo, bibi yake, ng'ombe mmoja. Saa yake inajulikana, mtu wa kufuatana naye yupo, na hakuna mizani. Wiki inayofuata tunaongeza kidogo. Jambo hili limepimwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano uitwao Problem Management Plus, na ulipojaribiwa Nairobi kwa wanawake walioteswa na ukatili, wakiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii, walipata nafuu. Zimbabwe, tangu 2006, mabibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Kogo wa Bureti angeiweza kazi hiyo kesho, akifunzwa.

Tiba nyingine mnazozijaribu nizipitie upesi. Kumwoza ni kumwongezea mgonjwa mzigo na kumtia binti wa watu taabuni. Pombe huushusha moyo kesho yake chini ya ulipokuwa jana. Kuombewa sikukatazi: mchungaji aombe, na dawa zimezwe. Kuzunguka kutafuta laana ya ukoo kunakula miezi ambayo hamna.

Wewe kijana unayesoma haya: huzuni au kukosa hamu kukidumu wiki 2, karibu kila siku, njoo. Longisa, Hospitali ya Rufaa ya Kericho, Kapkatet, Tenwek, ulizia huduma ya afya ya akili. Kama ni mbali, anzia kituo cha afya cha karibu uandikiwe rufaa. Kuna tiba ya mazungumzo, kuna vidonge, na mara nyingi vyote viwili. Vidonge kama fluoksetini havileti uraibu wala havikufanyi zuzu. Huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla havijaonyesha kazi, ilhali kichefuchefu huja siku za kwanza, ndiyo maana wengi huviacha mapema mno. Ukiwa chini ya miaka 25 tutakufuatilia kwa karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa fadhaa au fikra za kujiua zaweza kuongezeka. Ukiona hivyo, rudi siku hiyo hiyo. Ukipata nafuu, endelea angalau miezi 6, na usiache ghafla.

Wazazi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za kupe na za kunyunyizia zifungiwe na ufunguo ukae kwa mtu mwingine, na aletwe hospitali leo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Polisi msiwaogope: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoweka kifungo cha hadi miaka 2 kwa aliyejaribu kujiua, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Nimeona familia zikimficha mgonjwa ndani siku nzima kwa kukihofia, na siku nzima ni ndefu mno.

Mkija, leteni karatasi zote za vipimo vya taifodi. Cha nne hatutapima.