Nyumba ya Big Brother hujengwaje? Haya ndiyo ya kuzingatia kama ingekuwa Bariadi

Septemba 2, 2014, zikiwa zimebaki siku tano tu Big Brother Hotshots ianze, nyumba ya washiriki jijini Johannesburg, Afrika Kusini iliteketea kwa moto. Nyumba nyingine ikatafutwa, shindano likaanza Oktoba 5, na siku 63 baadaye Mtanzania Idris Sultan akaondoka na Dola 300,000 za Marekani.

Wengi tunamkumbuka Idris. Nyumba iliyoungua, wachache. Ila ukitaka kuelewa seti ya kuishi watu, anza na huo moto. Hii siyo mapambo ya jukwaani: watu wanalala, wanapika na kuoga humo humo.

Kamera zinajificha wapi?

Vile vioo vikubwa ukutani siyo vya kujiangalia tu. Nyuma yake kuna korido yenye giza ambako wapiga picha hupita na kamera. Chumba kikiwa na mwanga mkali na korido ikiwa giza, mshiriki anajiona mwenyewe huku mpiga picha akimuona yeye. Korido ikiwashwa taa, siri imeisha. Usiku hutumika kamera zinazoona gizani.

Siyo lazima liwe jumba

Maisha Plus, iliyoanza 2009 chini ya Masoud Kipanya, ilichagua kijiji: nyumba za udongo, kuni na maji ya kuchota. Baadaye wakulima wanawake wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula la Oxfam nao wakaingia kijijini.

Ingekuwa Bariadi je?

Kwanza ardhi. Maeneo mengi ya Simiyu yana udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unavimba na kunata, kiangazi unapasuka. Ukijenga juu yake kwa msingi mfupi, kuta zitafuata nyufa na vioo vya kamera vitavunjika. Bora utafute sehemu ya kichanga iliyoinuka, ile Wasukuma wanayoiita luseni.

Pili paa. Mvua ikipiga bati, maiki hazisikii kitu, na mchana chumba kinakuwa kama tanuri. Nyasi zinapoza na kutuliza kelele, ila cheche moja tu inatosha kumaliza kila kitu. Ukichagua nyasi, jiko likae mbali na kila chumba cha kulala kiwe na mlango wa pili.

Hapo ndipo waandaaji hubanwa: shindano linataka watu wasitoke, usalama unataka watoke haraka. Njia rahisi ni mlango unaofunguka kwa kuusukuma tu, bila funguo, na king'ora kinacholia kwenye chumba cha waongozaji.

Mshiriki akiufungua bila sababu, atatolewa mchezoni. Kukiwa na moto, atatoka mzima.