Njia Ikifungwa, Nani Aliambiwa?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Unguja

Alfajiri ya Jumatatu moja, mzee wa mtaa wetu hapa Ng'ambo alitoka nyumbani kuja msikitini, kama alivyozoea kwa zaidi ya miaka 30. Njia hiyo anaijua kwa miguu yake, hahitaji taa. Siku iliyotangulia alikuwa shamba kwa binti yake, akarejea usiku na kuingia kwa mlango wa uani. Hakujua kwamba mchana ule kijiko kilikuwa kimechimba mtaro mbele ya kizingiti chake. Alipiga hatua ya pili, akaanguka katika shimo lenye kina cha kiuno cha mtu.

Alhamdulillahi, hakuvunjika. Aliteguka kifundo cha mguu, na kwa wiki tatu alisali nyumbani. Nimeanza na habari ya mzee huyu kwa sababu ndiyo iliyoufanya mtaa mzima uzungumze, na kwa sababu sehemu ya kosa lile, kama nitakavyoeleza, ni yangu mimi.

Kazi iliyokuja mtaani petu si mbaya. Mtaro wa maji ya mvua unachimbwa upya, barabara itapangwa matofali, na kiwanja kilicho pembeni ya msikiti, chenye mkungu mkubwa na baraza ya wazee, kitakuwa bustani yenye taa, viti na mahali pa watoto kuchezea. Anayeijua Ng'ambo wakati wa masika hawezi kuipinga kazi ya namna hiyo. Sehemu hii ya mji ilitengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari, na jina la Darajani limebaki kutukumbusha daraja lililokuwa likivusha watu. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo hadi ukawa nchi kavu, lakini maji hayakusahau njia yake. Kila mvua kubwa inaponyesha, huja kubisha milangoni. Mradi wa huduma za miji ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2011 ulishughulikia mitaro ya mji huu pamoja na ukuta wa bahari wa Mizingani, na bado ipo mitaa inayosubiri zamu yake.

Watu wamesema nini

Baada ya mzee kuanguka, malalamiko yalianza kumiminika katika chumba chetu kidogo cha kamati. Niliyaandika yote katika daftari, na nilipoyapitia tena niliona kwamba watu hawalalamikii jambo moja.

Kina mama wanaouza jioni kando ya kiwanja walikuwa wa kwanza. Mabati yalipozungushwa, walikosa mahali pa kuweka meza zao. Mmoja wao, mjane anayelea wajukuu watatu, huuza mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Alinikuta mlangoni akaniuliza, "Ustadhi, hiyo bustani ikiisha itakuwa nzuri, sikatai. Lakini wajukuu wangu wale nini mpaka hapo?" Sikuwa na jibu, nikamwambia asubiri. Baadaye niliona haya kwa jibu hilo.

Wazazi walilalamikia vumbi na watoto wanaoruka mtaro kwenda chuoni. Mwenye duka la kona alisema wateja wake wamehamia mtaa wa pili, kwani hakuna atakayepita juu ya ubao unaotikisika kwa ajili ya kilo moja ya sukari. Vijana, kwa upande wao, walifurahi. Walisema mtaa wetu ulikuwa umesahauliwa, na kwamba wazee wanaogopa kila kitu kipya. Wenye nyumba walikuwa na matumaini ya thamani kupanda, na wapangaji wakaogopa jambo hilohilo, kwamba kodi itapanda nayo.

Wazee walikuwa na hofu ya aina nyingine kabisa. Wapo miongoni mwao wanaokumbuka jinsi nyumba za Ng'ambo zilivyobomolewa ili kujengwa majumba marefu ya Michenzani katika miaka ya 1970. Wengi walipata makaazi mapya, lakini ujirani waliouzoea ulitawanyika. Kwa mtu aliyeona hayo, mhandisi anayepita na kupaka alama ya rangi nyekundu ukutani haleti habari ya bustani, analeta habari ya kuhama. Alama zile, kama tulivyokuja kuambiwa, zilionyesha tu mahali bomba la maji linapopita. Kwa siku tisa hakuna aliyetwambia, na kwa siku tisa bibi mmoja jirani yetu hakupata usingizi.

Funzo la Forodhani

Si mara ya kwanza kwa watu wa mji huu kufungiwa mahali wanapopapenda. Wasomaji wengi wanaikumbuka Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Hapo zamani palikuwa mahali pa forodha, na ndipo jina lilipotoka. Bustani yenyewe ilifunguliwa mwaka 1936, wakati wa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Kwa vizazi kadhaa, familia zilikwenda pale jioni kupunga upepo, na usiku wauzaji wakawasha taa zao wakauza mishkaki, pweza na juisi ya miwa.

Ilipofika miaka ya 2000, bustani ilikuwa imechakaa, taa hazikutosha na ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 ilifungwa, na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaanza kuikarabati kwa gharama iliyozidi dola milioni 2 za Kimarekani. Ilifunguliwa tena tarehe 30 Julai 2009, ikiwa na ukuta ulioimarishwa, njia za kupita, taa, nyasi, mahali pa watoto na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya wauzaji wa chakula.

Ukitazama tarehe hizo mbili, utaona kazi iliyofanikiwa. Mimi naomba tutazame pia katikati yake. Ni mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo, mwezi Mei 2008, Unguja iliingia gizani kwa takriban mwezi mmoja baada ya umeme unaotoka bara kukatika. Kwa mtu anayeishi kwa anachouza usiku, muda kama huo hauhesabiki kwa miezi. Huhesabiwa kwa jioni moja moja, kila jioni na chakula chake.

Hata hivyo, Forodhani inatufundisha jambo la kutia moyo. Watu waliogopa kwamba pakishapendezeshwa patakuwa pa wageni tu. Leo mwenyeji anaingia bila kulipa kiingilio, watoto wanaruka baharini kutoka ukutani kama walivyoruka baba zao, na meza za chakula zimo humohumo bustanini. Mahali pa muuza chakula palikuwa sehemu ya ramani, hapakuachwa kuwa jambo la kufikiriwa baadaye. Hilo ndilo tulilopaswa kuliuliza mtaani petu kabla bati la kwanza halijasimamishwa.

Fiqhi ya shimo njiani

Wanachuoni wetu hawakuiacha mas'ala hii. Katika vitabu vya fiqhi, kwenye milango ya dhamana, wanamzungumzia mtu anayechimba shimo katika njia ya watu, kisha mpita njia akaanguka. Mafaqihi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wanatofautisha. Aliyechimba kwa ruhusa ya mwenye mamlaka, mahali ambapo hapawadhuru wapitao, hana dhamana. Lakini njia ikiwa nyembamba, na shimo likawadhuru wapitao, dhamana inabaki hata kama ruhusa ilikuwapo.

Sitoi fatwa hapa, wala mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nataka tu msomaji aone kwamba kwa wanachuoni wale kibali cha mtawala hakikumaliza maswali. Waliendelea kuuliza upana wa njia na usalama wa anayepita. Na sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika imani.

Barua iliyobaki ubaoni

Sasa nieleze kosa langu. Wiki nne kabla ya kazi kuanza, barua ilifika msikitini. Ilitaja siku ya kuanza, upande utakaochimbwa kwanza, na namba ya simu ya msimamizi. Nakala nyingine ilikwenda kwa sheha. Baada ya sala ya Ijumaa nilisimama nikasema kwa ufupi kwamba kutakuwa na ujenzi, tuwe na subira. Watu walikuwa wamekwishaanza kutoka. Kisha niliibandika barua kwenye ubao ulio karibu na birika la udhu la wanaume, nikaona nimetimiza amana.

Mjane wa mihogo hapiti kwenye birika la wanaume. Mwenye duka la kona si Muislamu, wala haji Ijumaa. Mzee aliyeanguka macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Mkandarasi anayo makosa yake, kwani shimo liliachwa usiku bila taa wala kamba, na hilo tumemwambia waziwazi. Lakini aliposema kwamba alileta barua, alisema kweli. Barua ilikuwa kwangu.

Nilikwenda kumwomba radhi mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimesamehe. Lakini ubao huo uhamishe."

Kikao cha Jumamosi

Tukaitisha kikao siku ya Jumamosi baada ya sala ya alasiri, si msikitini bali katika uwanja wa madrasa, ili kina mama na majirani wasio Waislamu wapate kuhudhuria. Sheha alikuja, na msimamizi wa kazi akaja na ramani yake. Palikuwa na maneno makali, lakini hakuna aliyevunjiwa heshima. Kufikia magharibi tulikuwa tumekubaliana mambo haya:

Kwanza, mtaro uchimbwe upande mmoja kwa wakati, na kila baada ya nyumba kadhaa kuwe na daraja la mbao lenye mkono wa kushikia. Pili, kila usiku shimo lizungushwe kamba na kuwekwa taa. Tatu, njia moja ibaki wazi siku zote kwa mgonjwa na kwa jeneza, kwani haya mawili hayangoji ratiba ya mtu. Nne, wauzaji wahamie kando ya ukuta wa madrasa kwa muda, na majina yao yaandikwe sasa, kabla bustani haijakamilika. Tano, taarifa ya kila wiki isomwe msikitini na skuli, ibandikwe dukani, na wanawake wawili waliochaguliwa waipeleke nyumba kwa nyumba.

Mengi yametekelezwa. Daraja mbili bado hazina mkono wa kushikia, na vumbi liko palepale. Mkungu umenusurika, kwani kumbe katika ramani haukuwa wa kukatwa, na baraza ya wazee itajengwa upya chini yake. Lakini wiki zile za mwanzo hazirudi. Mjane wetu alikula mtaji wake wote kabla hajapata mahali pa kuweka meza. Fidia haikuwamo katika bajeti ya mtu yeyote. Kamati ilimkopesha fedha kutoka sanduku la msikiti bila ya faida wala muda wa mwisho, na amerejea kuuza, ingawa kwa sufuria moja badala ya mbili.

Kwa ndugu zangu wa kamati za misikiti mingine ambako kazi kama hizi zinakuja, na insha Allah zitakuja, nina ombi moja. Barua ikiwafikia, msihesabu waliokuwamo msikitini mlipoisoma. Hesabuni ambao hawakuwamo, na muwaendee.

Ubao wetu sasa uko nje, kwenye ukuta unaotazama njia, na ninaandika kwa herufi kubwa. Juzi alfajiri nilimkuta mzee amesimama mbele yake na fimbo yake, uso ameusogeza karibu, anasoma. Nikamuuliza kama herufi zinatosha. Akasema zinatosha, ila nimekosea tarehe. Nikachukua kalamu, nikasahihisha, tukaingia kusali.