Kasiba ya Bunduki Kuukuu: Ibadilishwe au Iachwe?

Baada ya Vita vya Makaburu, vilivyokwisha mwaka 1902, Lord Roberts aliwahimiza watu wa Uingereza waunde vyama vya kulenga shabaha. Vyama hivyo vilitumia bunduki ndogo za .22, na zile za mtambo wa Martini zilizotengenezwa na BSA wa Birmingham zilipata sifa kubwa. Nyingi zingali zikipiga hata leo, na mwenye kurithi moja huuliza: kasiba hii imezeeka, je, niitie mpya?

Jawabu langu ni kwamba asiharakishe. Risasi ya .22 ni laini na baruti yake ni haba, kwa hiyo haili chuma upesi. Kilichoharibu kasiba nyingi za zamani ni fataki, ambayo katika risasi za namna hii imo ndani ya ukingo wa ganda. Fataki za kale zilikuwa na klorati ya potasiamu, nayo ikiisha kuwaka huacha chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Aliyelala bila kusafisha bunduki yake aliamka akakuta kutu. Fataki zisizoleta kutu zilianza kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, basi bunduki iliyotumika sana kabla ya hapo ni ya kushukiwa zaidi.

Mwenyewe na ahakikishe kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha akaze parafujo za tako na za kilengeo, kwani hizo husingiziwa kasiba mara nyingi. Aisugue ndani mpaka madini yaliyogandamana yatoke. Halafu atazame mdomo wake: wengi walizoea kuingiza mdeki kwa mbele, na mdeki ukiparuza mdomo kwa miaka, risasi hutoka imepotoka. Dawa yake si kasiba mpya. Fundi hukata milimita chache tu na kuusawazisha upya. Mwisho apige risasi tano tano za aina mbalimbali, bunduki ikiwa imeegemezwa, maana kasiba moja huikataa aina hii na kuipenda ile.

Ikiwa baada ya hayo yote risasi bado zinatawanyika, na ndani mnaonekana mashimo ya kutu, ipo njia ya kati ambayo mimi naipendelea. Fundi hutoboa kasiba ya zamani, akapachika ndani yake bomba jembamba la chuma lenye mifuo mipya. Nje hakubadiliki kitu, na alama za kiwanda husalia. Njia hii si ngeni: A. G. Parker wa Birmingham alizigeuza hivyo bunduki za jeshi za .303 ziwe za .22 za mafunzo.

Kasiba mpya kabisa yamfaa mwenye kushindana, asiyejali bunduki kupoteza sura na thamani yake ya asili. Kazi hiyo si ya nyumbani. Nafasi ya ukingo wa ganda ni kama milimita moja tu. Ikizidi, fataki haiwaki sawasawa, au ganda hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Huko Uingereza kasiba yenyewe huhitaji cheti kwa sheria ya mwaka 1968, na bunduki iliyotiwa kasiba au bomba jipya haiuzwi mpaka ijaribiwe na kupigwa muhuri London au Birmingham.