Nyundo Ikishapigwa, Nani Analipwa? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi hatimiliki inavyowekwa rehani. Sasa kuna kiwanja cha mfano mjini Homa Bay chenye rehani mbili: ya kwanza ya benki, ya pili ya sacco. Mwenyewe ameshindwa kulipa, na dalali wa benki amepiga nyundo kwa shilingi milioni 5.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 ndicho kinachogawa fedha hizo. Kodi za ardhi hutangulia. Tuseme zinadaiwa 300,000. Gharama za mnada zinakula 200,000. Benki inachukua milioni 4 zake. Sacco inadai milioni 1.2, lakini kilichobaki ni 500,000 tu.

Zile 700,000 hazifutiki. Sacco itaendelea kumwandama mkopaji na wadhamini wake. Kiwanja chenyewe, hata hivyo, kimeshaiponyoka. Mnunuzi hukipata bila rehani ya benki wala yoyote iliyosajiliwa nyuma yake.

Sacco ikiuza yenyewe, mambo hugeuka: rehani ya benki ilitangulia kusajiliwa, kwa hiyo haiguswi, na mnunuzi huirithi pamoja na kiwanja mpaka ilipwe.

Ndiyo maana nakala za notisi ya siku 40 ya kuuza hupelekwa pia kwa mke au mume aliyeridhia rehani, wapangaji, wadhamini na wakopeshaji wengine. Aliye wa pili kwenye foleni ana sababu ya kuchunga bei. Ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria hudhania kwamba muuzaji amekiuka wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo.

Mashambani Migori kuna mzigo mwingine. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti Kanyamkago, alieleza katika kitabu chake cha 2009, Mortgaging the Ancestors, jinsi mikopo ya hatimiliki ilivyogongana na makaburi ya wazee na madai ya jamaa. Mgeni huona tabu kuhamia penye makaburi ya ukoo mwingine.

Madai kama hayo yana nguvu kortini pia. Mwaka 2018, katika kesi ya shamba kutoka Meru, Mahakama ya Juu ilishikilia kuwa amana ya kimila, yaani mmoja kushika ardhi kwa niaba ya jamaa zake, ikithibitishwa huifunga ardhi hata kama haikuandikwa kwenye daftari. Mnunuzi makini, basi, hupekua daftari kwa msajili, kisha huenda shambani kuuliza nani analima na nani anaishi pale.

Sehemu ya tatu itazungumzia vizuizi vinavyowekwa na jamaa kabla ya mnada.