Mustikere ni ya mutu, haiko ya shu

Leo ninaacha kidogo maneno ya mbegu na mbolea. Ninataka tuongee juu ya malaria, na nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Mu Msimu B nilikuwa natembelea vitalu huku Muheto. Nikafika kwa mama mumoja, memba wa koperative. Kitalu chake cha shu kilikuwa kizuri sana: udongo laini, mistari imenyooka, na juu yake mustikere mupya, nyeupe, imefungwa ku miti ine. Nilimusifu mbele ya watu wote, nikaambia wengine wafanye vile. Sikumuuliza ile mustikere ilitoka ku kitanda cha nani. Wakati wa kupalilia alikosa siku nane. Mutoto wake wa miaka mitatu alikuwa amelala ku kituo cha afya, na serumu ku mukono. Malaria.

Wengi wetu tunasema: huku juu kuko baridi, malaria ni ugonjwa wa watu wa Walikale. Kuko ukweli kidogo ndani. Mbu yenye kuleta malaria ni ile ya kike ya aina ya Anopheles, na inauma zaidi usiku. Ikinyonya damu ya mugonjwa leo, haiwezi kuambukiza mwengine kesho. Kile kidudu cha malaria kinapaswa kukomaa kwanza ndani ya mbu, na fasi ya joto kinachukua siku 10 mpaka 14 hivi. Fasi ya baridi kinakawia zaidi, na joto ikishuka chini ya digri 16 ao 18 hakikomae tena. Mara nyingi mbu inakufa mbele kidudu hakijakuwa tayari. Hiyo njo ilikuwa inatulinda ku milima.

Lakini mbu hailale inje mu baridi. Inapumzika ku ukuta wa nyumba, kule moto umewaka na watu wanapumua, na ndani kuko joto kupita inje. Tena mutu wa Walikale ameumwa malaria tangu utoto, mwili wake umezoea kidogo. Wa kwetu haujazoea. Ikitupata inatupiga nguvu, hata mutu mukubwa. Mimi nilishuka kule kwa kazi. Usiku joto ilikuwa kali, nikafunga mustikere juu ya kitanda sawa kilemba, nikalala inje yake. Siku kama 12 kisha nilikuwa natetemeka mu blanketi, na mbegu za watu zinanigojea mu depo. Mwenye anashuka machimboni ao ku soko za Walikale abebe mustikere yake mu mufuko, hata kama wenzake wanamucheka.

Congo yetu peke yake iko na karibu wagonjwa 12 ku kila 100 wa malaria wa dunia yote. Nijeria tu njo inatupita.

Sasa ile mustikere. Nyuzi zake ziko na dawa ya ukoo mumoja na pareto, ile maua wazee wetu walilima sana mu milima hii: watu wa kemia waliangalia ginsi pareto inaua wadudu, wakatengeneza ingine yenye kukawia zaidi. Juu ya ile, mustikere yenye dawa inasaidia hata ikiwa na tundu ndogo. Mbu ikigusa inakufa. Lakini jua na sabuni kali vinaharibu ile dawa. Muifue na sabuni ya kawaida, bila Javel, muanike ku kivuli. Ikichungwa vizuri inatumika kama miaka mitatu. Ku jua ya kitalu, dawa inaisha mbio sana, na mutoto akirudishiwa ile mustikere anapata kitambaa tu. Tundu ikitokea, sindano na uzi vinatosha.

Kwa shu, majani ya migomba ao nyasi juu ya miti mifupi inaleta kivuli, na wadudu muwatoe na mukono asubuhi. Ni kazi zaidi, sikatai.

Kuko tena maji. Anopheles inapenda maji madogo, yaliyosimama, yenye kuangaliwa na jua. Angalieni nani anayatengeneza: ni sisi. Shimo ya matofali, alama za miguu ya ngombe mu malisho yenye kulowa, mufereji usiotelemuka. Kutoka yai mpaka mbu yenye kuruka inaomba wiki moja ao mbili tu. Kule Kabale, Uganda, milima sawa ya kwetu, waliona kama mabonde yaliyofyekwa mafunjo ili walime yanakuwa na joto kupita yale yaliyoachwa. Sisemi tusilime mabonde, tutakula nini? Ninasema mufereji ufikishe maji ku muto, na shimo ya matofali ifukiwe siku tanuru inazima.

Wenye mashimo ya samaki musiogope. Kule Kisii, Kenya, walitia tilapia mu mashimo yaliyoachwa, na watoto wa mbu wa Anopheles walipunguka kwa zaidi ya 90 ku 100, maana samaki waliwakula. Shimo mbaya ni ile isiyo na samaki, yenye majani pembeni. Muikate majani.

Mutoto akipata homa, musigoje siku ya soko na musigawanye kidonge cha jirani. Mumupeleke siku ile ile ao kesho yake, wamupime tone ya damu. Majibu yanatoka kwa dakika 15 ao 20 hivi. Wakimupa dawa ya siku tatu, amalize siku tatu, hata kama siku ya pili anacheza mupira.

Nilirudia kwa yule mama kumuomba musamaha. Mutoto alikuwa anakimbiza kuku. Mustikere ilikuwa juu ya kitanda, imeshonwa fasi mbili na uzi mwekundu. Ku kitalu kulikuwa majani ya migomba. Wadudu walikuwa wamekula shu kidogo, akanionyesha, akaniuliza niko na shauri gani ingine.