Fahamu: Bima ya vyombo vya mpangaji anapohama nyumba

Mpangaji ahamaye Mbagala kwenda Tegeta, jijini Dar es Salaam, akiisha kumlipa dalali na kulipa kodi ya miezi sita, akapakia kitanda, jokofu na televisheni juu ya kirikuu, aghalabu hudhani kwamba bima ya mwenye nyumba, ikiwapo, yamhifadhi naye pia. Na dhana hiyo ni batili, kwa kuwa bima ile hulinda kuta na paa, wala haimfidii mpangaji godoro lake lililoteketea.

Hana budi kukata bima yake mwenyewe ya vyombo vya ndani, ambayo kwa kawaida hufungamana na anwani iliyoandikwa mkatabani: kwa hiyo ahamapo sharti aiarifu kampuni kabla ya kupakia, aulize iwapo vyombo vimehifadhiwa njiani, na aandike orodha yenye thamani ya kila kitu, pamoja na risiti. Suala la mafuriko, iwapo bima huyafidia, ndilo la kuulizwa mno. Walioondolewa bondeni Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011 na kupelekwa Mabwepande wanajua jinsi maji yanavyochukua samani za miaka mingi kwa siku moja.

Na wakala wa bima asiyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, usimpe hata senti.